Ushuhuda Usio na Tarehe

Aliyelelewa katika Uamsho anajua ushuhuda unavyokwenda. Unasimama, unasema Bwana asifiwe, ndugu wanaitika. Unaeleza ulivyokuwa zamani, ulevi au wizi au kiburi, kisha unataja siku uliyookoka. Siku ndiyo roho ya ushuhuda. Wapo waliokuwa wakitaja hadi saa, na mti waliokuwa wamekaa chini yake. Ndugu wakiridhika wanakupokea kwa wimbo wa Tukutendereza, unakaa, anasimama mwingine. Nilizisikia shuhuda hizo kabla sijajua kusoma, kwa kuwa nilizaliwa Dodoma, wazazi wangu Waingereza wakiwa wamisionari wa Kanisa Anglikana, na ule Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulikuwa umekwisha kuota mizizi Ugogo. Kiswahili kilikitangulia Kiingereza kinywani mwangu. Mpaka leo nikijumlisha bei dukani najumlisha kwa Kiswahili, na nikitaka kutoa ushuhuda, lugha nyingine hainipi maneno.

Tabu ni kwamba wangu hauna siku. Nimeitafuta sana na sijaiona.

Tulirudi Uingereza nikiwa naingia ujana. Nikasomea fizikia, nikawa mwalimu wa sekondari mjini Bristol, nikaoa, tukapata watoto. Imani ya wazazi wangu haikuvunjwa na kitu chochote ninachoweza kukitaja. Jumapili moja nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nyingine watoto wana mechi, na miaka ilipopita nikatambua kwamba nimekaa muda mrefu bila kumwomba mtu yeyote jambo lolote. Sikuona uchungu. Nilichokosa ni nyimbo tu.

Kilichonitikisa ni sonona. Mara ya kwanza ilinipata watoto wakiwa wadogo, nikadhani ni uchovu. Ikaondoka, ikarudi, ikaondoka tena, ikarudi na nguvu zaidi. Walioipata hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme hivi: huzuni ina chanzo na ina kilio, na ukishalia unapata nafuu, sonona hata kilio haikupi. Unaamka saa tisa usiku na kichwa kimeshaanza kazi bila wewe. Kinakusomea mashtaka: darasa uliloliharibu, neno ulilomjibu mkeo, barua uliyoacha kuijibu mpaka mwenyewe akafa. Hukumu ni ileile siku zote, kwamba huna maana na hukuwahi kuwa nayo. Asubuhi unafunga tai, unakwenda kufundisha sheria za Newton.

Daktari alinipa vidonge na vikanisaidia. Nalisema mapema kwa sababu ziko shuhuda nyingi zinazotukana dawa, na huu hautakuwa mmojawapo. Ila iliporudi mara ya tatu aliniambia kuna kozi ya wiki nane, jioni moja kwa wiki, na kwamba imetengenezwa hasa kwa ajili ya watu wanaoanguka, wakainuka, wakaanguka tena. Walioitunga ni wanasaikolojia watatu, Zindel Segal wa Kanada pamoja na Mark Williams na John Teasdale wa Uingereza. Jaribio lao la kwanza lilichapishwa mwaka 2000. Kati ya wagonjwa waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi, wale waliopata matibabu ya kawaida peke yake walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 66. Waliofuata kozi, asilimia 37. Mwaka 2004 taasisi inayozishauri hospitali za umma kuhusu tiba ipi itolewe ikaipendekeza kwa watu wa kundi langu. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Takwimu hizo ndizo zilizonivusha mlango. Ningeambiwa ni hekima ya Mashariki ningebaki nyumbani.

Jioni ya kwanza mwalimu alitugawia zabibu kavu, kila mtu moja. Tukaambiwa tuitazame mikunjo yake, tuiguse, tuinuse, tuisogeze karibu na sikio, tuitie mdomoni bila kuitafuna. Mwenzangu mmoja, dereva wa basi, aliuliza kwa sauti kama ni kweli kodi zetu ndizo zinazolipia haya. Tulicheka, mwalimu naye akacheka, kisha akatusubiri. Nikaitafuna ile zabibu. Sitadai kwamba mbingu zilifunguka. Niligundua tu kwamba nimekula maelfu ya zabibu maishani na sijapata kuionja hata moja, na kwamba katika dakika zile mashtaka yalikuwa yamenyamaza, nami sikuwa nimefanya lolote la kuyanyamazisha.

Kazi ya nyumbani ilikuwa ngumu zaidi. Unalala chali, unapeleka umakini kwenye vidole vya mguu wa kushoto, unapanda taratibu mwili mzima hadi utosini, dakika arobaini na tano. Karibu kila siku nilipitiwa na usingizi kabla ya kufika magotini. Baadaye tukafundishwa kukaa na kufuata pumzi. Akili ikitoroka unaona imekwenda wapi, unairudisha, ikitoroka tena unairudisha tena. Hakuna cha ziada. Nilikaa nikisubiri sehemu inayofuata, ile ya maana, na haikuja.

Sasa hapa ndipo ndugu wa Dodoma wangetaka tarehe. Ninachoweza kuwapa ni usiku mmoja katika miezi iliyofuata kozi, ambao pengine haukuwa wa kwanza. Kichwa kilianza kusoma mashtaka saa tisa kama kawaida, nami nikajikuta nasikiliza usomaji wenyewe: una haraka, unajirudia, koo limekaza, meno yamebanana. Mashtaka yaliendelea, hukumu ikatoka ileile. Kisha lori likapita barabarani, nikalisikiliza nalo mpaka lilipoishia. Mwanga haukushuka, machozi hayakunitoka, na kesho yake nilikuwa mgonjwa vilevile. Lakini lile neno, kwamba huna maana, lilikuwa limesomwa mbele yangu na mimi sikulitia sahihi.

Nilimwuliza mwalimu mambo haya yametoka wapi. Akasema yalitoka kwa Jon Kabat-Zinn, aliyefungua kliniki yake katika chuo cha tiba Worcester, Massachusetts, mwaka 1979, akipokea wagonjwa ambao madaktari walikuwa wamekwama na maumivu yao. Na huyo aliyapata wapi? Hapo alipunguza sauti kidogo, kwa kuwa kwenye kituo cha afya cha serikali dini haitajwi ovyo. Kwa Wabudha, alisema.

Basi nikaenda kwa Wabudha. Katika mkoa wa Devon, karibu na mji wa Newton Abbot, kuna mahali panaitwa Gaia House, palipoanzishwa mwaka 1983 na Christina Feldman na Christopher Titmuss. Jengo walilomo tangu 1996 lilikuwa nyumba ya masista wa Kianglikana. Mtoto wa wamisionari nikalala katika chumba cha sista, nikaamshwa na kengele, na ndani ya ukumbi nikakuta sanamu ya Buddha. Niseme nini? Amri ya pili, ile ya kukataza sanamu, nilifundishwa na mama yangu mzazi. Siku ya kwanza nilichagua kukaa pembeni kabisa, nyuma ya nguzo, ili nisionane nayo.

Mafungo yao ni ya kimya. Husemi, husomi, simu unaiacha. Unakaa, unatembea polepole bustanini, unakaa tena, unafanya kazi uliyopangiwa. Mimi nilipewa jikoni, kumenya karoti. Chakula hakina nyama. Unalipia malazi, lakini walimu hawana mshahara. Mwishoni kuna chombo cha sadaka, unaweka unachoweza, hakuna anayekuchungulia. Nilikwenda nikitumaini utulivu. Nilichopata ni Tukutendereza. Ilianza siku ya pili wakati wa kukaa, kibwagizo chote, na sauti za akina mama wa Dodoma, na haikunyamaza. Niliifuata pumzi, Tukutendereza ikanifuata. Nilipomweleza mwalimu katika zile dakika chache za mazungumzo tulizoruhusiwa, aliniuliza inasikikaje mwilini. Nikaenda kuangalia. Ilikuwa kifuani, joto, na chini yake kulikuwa na majonzi ambayo sikuyajua: ya kuondoka Dodoma, ya kumwacha Yaya bila kumuaga vizuri, ya kuvua viatu vya vumbi na kuvalishwa vya shule. Nikalia nikimenya karoti. Jirani yangu wa jikoni alinisogezea kitambaa bila kugeuka.

Niongeze jambo ambalo wauzaji wa utulivu hawalisemi. Kimya kirefu hakimfai kila mtu kila wakati. Katika mafungo mengine nilimwona mwenzetu akitetemeka kwa hofu hata ikabidi apelekwe nyumbani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, akiwamo Willoughby Britton, walichapisha mwaka 2017 maelezo ya matatizo yaliyowapata watu katika mazoezi haya, kutoka kukosa usingizi hadi hofu kali. Aliye katikati ya ugonjwa aanze na daktari. Na hata kozi iliyonisaidia mimi si miujiza: jaribio kubwa lililotoka mwaka 2015, la watu 424, lilionyesha kwamba katika miaka miwili asilimia 44 ya walioifuata walirudiwa na sonona, na asilimia 47 ya waliobaki kwenye vidonge. Vimekwenda bega kwa bega. Kwangu hiyo ni habari njema ya kutosha.

Kilichobaki kilikuwa swali la kuamini. Nilikuwa nimetoka katika dini moja kwa mlango wa nyuma, sikutaka kuingia nyingine kwa dirisha. Kuzaliwa upya, karma inayovuka kutoka maisha hadi maisha, mbingu za miungu na jehanamu zake, yote nilifungua kuyasoma nikayafunga. Ndipo mtu akaniazima kitabu cha Stephen Batchelor. Huyu alizaliwa Dundee, Scotland, mwaka 1953, akaenda India akiwa kijana, akawa mtawa wa Kitibeti kisha mtawa katika monasteri ya Songgwangsa huko Korea Kusini, na mwaka 1985 akavua kanzu akamwoa Martine, Mfaransa aliyekuwa mtawa kule kule. Kitabu chake cha mwaka 1997 kilitangaza Ubudha usiodai imani, na cha 2010 kilimwita mwandishi wake Mbudha asiyemwamini Mungu. Hoja yake kubwa ni kwamba zile kweli nne za Buddha zimegeuzwa kuwa mafundisho ya kukiriwa, kumbe zilikuwa kazi nne za kufanywa: kuyajua mateso kwa kuyakabili, kuiachia ile tamaa na chuki inayoyafuata, kupaona mahali inapokoma, na kuishi kwa namna inayotokana na hapo.

Alinipeleka kwenye kisa ambacho sasa nakipenda kuliko vyote. Mtawa mmoja, Malunkyaputta, alimtisha Buddha kwamba ataacha utawa asipoambiwa kama ulimwengu una mwisho na kama mtu anaendelea kuwapo baada ya kufa. Buddha akamwambia habari za mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, naye akakataa usitolewe mpaka ajue aliyempiga ni wa kabila gani, mrefu au mfupi, na upinde wake ni wa mti gani. Atakufa hajajua. Nilisoma kisa hicho nikacheka peke yangu, kwa kuwa katika ujana wangu wote kanisani nilikuwa nikiulizia mti wa upinde, na watu wazima wenye upendo walikuwa wakinijibu.

Kuna wanaosema kwamba sisi Wazungu tumenyofoa mnofu tukawaachia Waasia mifupa. Ronald Purser aliandika kitabu kizima mwaka 2019 kulaumu makampuni yanayowafundisha wafanyakazi kufuata pumzi ili wavumilie kazi isiyovumilika. Namuunga mkono zaidi ya nusu. Shuleni kwetu nasi tuliletewa mafunzo ya namna hiyo mwaka uleule walimu walipopunguzwa, na mimi niliyekuwa mpenzi wa jambo lenyewe nilikaa pale nimekunja ndita.

Lakini historia ya mambo haya ina kona ambayo mtoto wa mmisionari hawezi kuipita. Mwaka 1885 jeshi la Uingereza liliiteka Mandalay na kumhamishia mfalme Thibaw India. Burma ikabaki bila mfalme wa kuilinda dini, na wamisionari wakapata nafasi zaidi. Mtawa mmoja msomi, Ledi Sayadaw, akaona kwamba dini ikiachiwa watawa peke yao itakufa, akaanza kuwafundisha watu wa kawaida, wakulima na makarani, yale mazoezi yaliyokuwa hasa ya watawa. Kamba hiyo ikamfikia U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma huru, aliyekuwa akiwafundisha wafanyakazi wake ofisini. Mwaka 1955 akamjia mfanyabiashara mwenye asili ya India, S. N. Goenka, aliyeteswa na maumivu ya kichwa hadi kuchomwa mofini. U Ba Khin akamwambia kama amekuja kwa ajili ya kichwa tu, hapa si hospitali. Goenka akakubali, akajifunza, na mwaka 1969 akaupeleka ujuzi huo India, ambako vijana wa Ulaya na Marekani waliukuta, Batchelor akiwa mmojawao katika kozi ya Dharamsala mwaka 1974. Kwa hiyo kile nilichopewa Bristol kama kitu kisicho cha dini, kilichofuliwa na maprofesa, kilikuwa kimetengenezwa na Waburma kwa sehemu ili kutujibu sisi. Babu zangu walikwenda kuwahubiria. Nami ningefika mlangoni kwa U Ba Khin na sonona yangu, angenijibu kama alivyomjibu Goenka.

Hilo linanizuia kujisifu kwamba nimeusafisha Ubudha. Sijausafisha, nimechukua ninachoweza kubeba. Karibu na Entebbe yuko Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyeanzisha kituo cha Wabudha mwaka 2005, naye ameipokea dini nzima, kanzu, viapo, kuzaliwa upya na vyote. Nikimsikiliza nakubaliana naye katika kukaa, tunaachana katika kufa. Naona hana hasara yoyote kwa kuamini zaidi yangu.

Wazee wa Uamsho kule Dodoma hawakuridhika na maneno ya mtoa ushuhuda. Wakishamsikiliza walimgeukia mke. Basi nilimwuliza wangu. Alifikiri, akasema nimebaki msahaulifu, mvivu wa kujibu barua, na bado nikiamka usiku nageukageuka. Lakini zamani, alisema, akinieleza jambo baya la siku yake nilikuwa tayari nimeshapata suluhisho kabla hajamaliza, na siku hizi namwacha amalize. Hakujua imeanza lini. Alipougua mama yangu akawa hatutambui tena, dada zangu walikuwa wakimsahihisha majina, nami nilikaa naye tu, akiniita kwa jina la kaka yake aliyekufa vitani, naitika. Miaka ya nyuma ningetoka nje kwenda kutafuta kahawa.

Kwa baba niliogopa kusema. Alikuwa amepita themanini, bado anasali kwa Kiswahili, na mambo mazito tuliyazungumza kwa lugha hiyo siku zote. Nilimwamkia, nikamweleza yote, pamoja na nguzo niliyojificha nyuma yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, huyo Buddha, unamwomba?"

"Simwombi, Baba. Yeye alikuwa mtu, na amekufa."

"Basi mambo yakienda vizuri, kama ulivyopona, unamshukuru nani?"

Nilimwambia kweli, kwamba swali hilo linanisumbua kuliko la kuzaliwa upya. Namshukuru daktari, namshukuru mke wangu, nawashukuru wale Waburma, na bado shukrani inabaki nyingi, haina pa kwenda.

"Sehemu hiyo niachie mimi," alisema. Akauliza asubuhi huwa nakaa saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili. Akasema yeye huamka saa kumi na moja, kwa hiyo nitakuta ameshaimaliza.